Seymour Cray na safari ndefu ya kuitafuta akili bandia

Leo ninazungumza nanyi kutoka Fridley, mji mdogo ulioko katika ukingo wa mashariki wa mto Mississippi, kaskazini tu mwa jiji la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Ng'ambo ya mto, katika miji ya Brooklyn Center na Brooklyn Park, wanaishi Wakenya wengi, na baadhi yao hufanya kazi katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Ukivuka daraja jioni na kuingia dukani, si ajabu kusikia Kiswahili.

Mada yetu ya leo ni urithi wa Seymour Cray, mhandisi aliyesoma na kuanzia kazi hapa katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ambaye wengi humwita baba wa supakompyuta. Tutatazama mchango wake katika safari ndefu ya wanadamu ya kutafuta mashine yenye akili. Hata hivyo, kabla ya kuingia katika mada yenyewe, niruhusuni niwasimulie kisa kimoja kilichotokea si mbali na ninapoishi.

Mama mmoja mzee alikuja kutoka Kenya kumtembelea bintiye. Alipokuwa hapa, daktari alimwandikia dawa ya shinikizo la damu, na kwenye chupa yalibandikwa maelezo kwa Kiingereza. Binti yake, ambaye hufanya kazi zamu ya usiku, aliyapiga picha maelezo hayo, akayapitisha katika programu ya tafsiri iliyomo katika simu yake, kisha akamwachia mama karatasi. Karatasi ilisema: kidonge kimoja saa 8 asubuhi, na kimoja saa 8 usiku. Mama akatii. Kwa siku nne mfululizo aliamka usiku wa manane, saa nane kamili, nje theluji na nyumba nzima kimya, akameza kidonge chake na kurudi kulala. Siku ya tano akamuuliza bintiye: "Mwanangu, hiyo saa nane ya usiku nimeielewa. Lakini saa nane asubuhi ni saa gani?"

Bila shaka mmekwishatambua kilichotokea. Saa iliyoandikwa na mfamasia ilikuwa ya Kizungu, ambayo kwa hesabu yetu ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Programu ile ililitafsiri neno, lakini haikuitafsiri saa. Kwa bahati njema, mama alikuwa amejiamulia kukimeza kile cha asubuhi saa nane mchana. Kwa hiyo baina ya kidonge na kidonge zilibaki saa 12 vilevile, na hakudhurika isipokuwa kwa usingizi aliopoteza. Lakini ziko dawa zinazopaswa kuandamana na chakula, na ziko sindano za kisukari ambazo kuzikosea saa ni hatari kwa maisha.

Inafaa kuashiria hapa kwamba programu ile ilitafsiri karatasi nzima kwa muda usiotosha kupepesa jicho. Basi inawezekanaje mashine yenye kasi ya namna hiyo ikakosea jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi wa Mombasa au Morogoro analijua? Ili tupate jibu, hatuna budi kurudi nyuma miaka zaidi ya 70, hadi kwenye kiwanda kimoja cha zamani mjini Saint Paul, chini ya nusu saa kwa gari kutoka hapa Fridley.

(Muziki)

Wapenzi wasikilizaji, mwaka 1950 yalitokea mambo mawili katika pande mbili za bahari ya Atlantiki. Huko Uingereza, mwanahisabati Alan Turing alichapisha makala katika jarida la falsafa liitwalo Mind, akiuliza swali ambalo wakati huo lilionekana kama mzaha: je, mashine inaweza kufikiri? Kwa kuwa neno kufikiri ni gumu kulifafanua, Turing alipendekeza jaribio. Mtu akae chumbani na kuandikiana na wawili asiowaona, mmoja binadamu na mwingine mashine. Akishindwa kutambua yupi ni yupi, basi tusiinyime mashine hiyo sifa ya kufikiri. Turing alikisia kwamba baada ya miaka ipatayo 50, mashine ingeweza kumdanganya muulizaji wa kawaida mara 30 katika kila mazungumzo 100 ya dakika tano.

Katika mwaka huohuo, hapa Minnesota, kampuni iliyoitwa Engineering Research Associates ilikamilisha kompyuta iliyopewa jina la Atlas na kuikabidhi kwa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1946 na watu waliokuwa wakifumbua maandishi ya siri ya maadui wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha, jeshi halikutaka utaalamu wao upotee, nao wakapewa nafasi katika kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege zisizo na injini mjini Saint Paul. Atlas ilikuwa na taa za elektroniki zipatazo 2,700, na kazi yake ilikuwa kufumbua maandishi ya siri. Wahandisi waliiita kazi hiyo namba 13, na walipoanza kuuza kompyuta ya aina hiyo kwa wateja wengine waliipa jina 1101, ambalo ndiyo 13 ikiandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1.

Alan Turing naye alikuwa mfumbuzi wa maandishi ya siri, katika kituo cha Bletchley Park nchini Uingereza. Kwa hiyo mashine iliyozaliwa Saint Paul na swali lililoulizwa Uingereza vilitoka katika shina moja. Upande mmoja ulileta swali, na upande wa pili ulileta kasi. Safari nzima ya akili bandia, au akili mnemba kama wasemavyo wengi nchini Tanzania, au akili unde kama wasemavyo baadhi ya Wakenya, ni hadithi ya jinsi swali lile na kasi ile vilivyotafutana.

Muda mfupi baadaye kijana mmoja mkimya aliingia kazini katika kiwanda kile cha Saint Paul. Jina lake Seymour Cray. Alizaliwa tarehe 28 Septemba 1925 katika mji wa Chippewa Falls, jimbo jirani la Wisconsin. Wakati wa vita alikuwa mwanajeshi wa mawasiliano ya redio, kisha akasomea uhandisi wa umeme na hisabati katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1957 baadhi ya wakubwa wake, wakiongozwa na William Norris, walijitenga na kuanzisha kampuni ya Control Data mjini Minneapolis, na Cray akawafuata. Kumbukumbu za kampuni hiyo zimehifadhiwa hadi leo katika Taasisi ya Charles Babbage, iliyomo katika chuo kikuu kilekile alichosoma.

Cray hakupenda mikutano wala makaratasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliwaomba wakubwa wake wamjengee maabara kwao Chippewa Falls, mbali na ofisi kuu, na huko akaunda kompyuta iliyoitwa CDC 6600. Ilipotangazwa mwaka 1963, mkuu wa kampuni ya IBM, Thomas Watson, aliwaandikia wasaidizi wake barua ya malalamiko. Alitaka kujua vipi kampuni kubwa kama yao imepitwa na maabara yenye watu 34 tu, akiwemo mfagizi. Inasimuliwa kwamba Cray alipopata habari hizo alisema Bwana Watson amekwishalijibu swali lake mwenyewe. CDC 6600 ilianza kuuzwa mwaka 1964 na ikabaki kuwa kompyuta yenye kasi kuliko zote duniani hadi mwaka 1969, ilipopitwa na CDC 7600, ambayo pia ni kazi ya Cray.

(Muziki)

Mwaka 1972 Cray alianzisha kampuni yenye jina lake, na mwaka 1976 kompyuta ya kwanza ya Cray-1 ilipelekwa katika maabara ya Los Alamos, jimbo la New Mexico. Ilikuwa na uzito wa tani tano na nusu, na ukiitazama kutoka juu ilikuwa na umbo la herufi C. Umbo hilo halikuwa pambo. Umeme, kama mwanga, hauwezi kusafiri zaidi ya sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Waya ukiwa mrefu, kompyuta hukaa ikisubiri. Kwa hiyo Cray aliikunja mashine yake ili hakuna waya utakaozidi takriban mita moja na robo, na kwa kuwa sehemu zilizobanana hutoa joto kali, akapitisha kemikali ya kupozea ndani ya kuta zake, kama ilivyo katika jokofu.

Lakini siri kubwa zaidi ilikuwa katika namna mashine hiyo ilivyofanya hesabu. Mfikirieni mwalimu mwenye daftari la wanafunzi 64, aliyeamriwa kumwongezea kila mwanafunzi alama tano. Kompyuta ya kawaida ya wakati ule ilikuwa kama mwalimu anayerudi ofisini kwa mkuu wa shule baada ya kila jina kuuliza: "Sasa nifanye nini?" Anajibiwa: "Ongeza tano," anaongeza, kisha anarudi tena. Cray-1 ilikuwa kama mwalimu aliyeipokea amri mara moja, akaiteremsha orodha nzima ya majina 64 bila kupumzika. Wataalamu huziita orodha hizo za namba kwa jina la vekta. Kwa njia hiyo Cray-1 iliweza kufanya hesabu zipatazo milioni 160 kwa sekunde. Wanasayansi waliitumia kutabiri hali ya hewa, kuchunguza mitetemo ya ardhi na, hapana haja ya kuficha, kusanifu silaha za nyuklia.

Je, kasi hiyo ilileta akili? Neno akili bandia lenyewe lilikuwa limekwishabuniwa na John McCarthy na wenzake mwaka 1955, walipokuwa wakitayarisha mkutano uliofanyika mwaka uliofuata katika Chuo cha Dartmouth. Walitarajia maendeleo ya haraka. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1970, na tena mwishoni mwa miaka ya 1980, fedha za utafiti zilikauka kwa sababu ahadi zilikuwa kubwa kuliko matunda.

Uwanja mmoja ambamo kasi ilionekana kufanana na akili ulikuwa mchezo wa sataranji. Programu iliyoitwa Cray Blitz, ikitumia mashine za Cray, ilitwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta katika mchezo huo mwaka 1983 na tena mwaka 1986. Mwezi Mei mwaka 1997 kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, kwa kupima hali zipatazo milioni 200 za ubao katika kila sekunde. Dunia ilishangaa. Lakini mashine hiyo haikuweza kumwambia mtu hata habari za asubuhi. Ilijua kitu kimoja, nacho ni hesabu za ubao wenye vyumba 64.

Seymour Cray hakuiona siku hiyo. Alijeruhiwa katika ajali ya gari mwezi Septemba mwaka 1996 huko Colorado, na akaaga dunia tarehe 5 Oktoba akiwa na umri wa miaka 71.

Wapenzi wasikilizaji, Cray aliacha nyuma yake ubishi mmoja ambao mwisho wake una mafunzo. Katika miaka yake ya mwisho wahandisi wengine walikuwa wakisema kwamba badala ya kuunda prosesa chache zenye nguvu kubwa, ni afadhali kukusanya maelfu ya prosesa ndogo na kuzigawia kazi. Cray aliwadhihaki. Inasimuliwa kwamba aliuliza: ukitaka kulima shamba, utatumia maksai wawili wenye nguvu, au kuku 1,024? Watu walicheka. Hata hivyo kampuni yake ya mwisho, aliyoianzisha miezi michache tu kabla ya kifo chake, ilikusudia kuunda mashine ya prosesa nyingi. Mzee mwenyewe alikuwa ameanza kuwatazama kuku kwa jicho jingine.

Na kweli, kuku ndio walioshinda. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton, waliifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha kwa kuionyesha picha zipatazo milioni 1.2. Hawakutumia supakompyuta. Walitumia chipu mbili za michoro, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta, ambazo ndani yake mna mamia ya prosesa ndogo. Mfumo wao, uliofananishwa kwa mbali na mishipa ya ubongo, ulikuwa na namba zipatazo milioni 60 zilizorekebishwa kidogo kidogo kila mashine ilipokosea. Mwaka 2024 Hinton, pamoja na John Hopfield, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sasa chunguzeni kazi inayofanywa na chipu hizo. Zinachukua orodha ndefu ya namba, zinaizidisha kwa orodha nyingine, zinajumlisha, kisha zinaendelea na inayofuata, bila kurudi kuuliza amri kwa kila namba. Ni yule yule mwalimu wetu na daftari lake. Mbinu ya kufanyia kazi orodha nzima za namba, ambayo Cray aliifikisha mbali kuliko yeyote katika miaka ya 1970, ndiyo inayoziendesha leo mashine zinazotambua nyuso, zinazotafsiri lugha na zinazoandika barua. Maksai wake walishindwa, lakini namna yake ya kulima imebaki. Jina lake nalo halijafutika: supakompyuta iitwayo Frontier, ambayo mwaka 2022 ilivuka kiwango cha hesabu milioni mara milioni mara milioni moja kwa sekunde, na El Capitan iliyoipita mwezi Novemba mwaka 2024, zote mbili zimeundwa na kampuni ya HPE chini ya jina la Cray.

(Muziki)

Wapenzi wasikilizaji, akili bandia haikai katika mashine kubwa peke yake. Hapa Fridley ndipo yalipo makao makuu ya uendeshaji ya Medtronic, kampuni ya vifaa vya tiba iliyoanzishwa mwaka 1949 katika gereji moja ya Minneapolis. Mwanzilishi wake mmoja, Earl Bakken, alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Minnesota, kama Cray. Mwaka 1957 umeme ulipokatika mjini na kuhatarisha maisha ya watoto waliokuwa wakisaidiwa na mashine za moyo zilizochomekwa ukutani, daktari wa upasuaji C. Walton Lillehei alimwomba Bakken atafute njia nyingine, naye akaunda kifaa cha kuusukuma moyo kinachotumia betri na kinachoweza kuvaliwa kifuani.

Leo kampuni hiyo hutengeneza pia kifaa kidogo cha kuchunguza mapigo ya moyo, ambacho huwekwa chini ya ngozi na kutuma habari zake kwa madaktari. Tatizo la vifaa vya aina hii ni kengele za uongo: kifaa huripoti kwamba moyo umekwenda mrama kumbe mgonjwa amejinyoosha tu. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliidhinisha mfumo wa akili bandia wa kuzichuja kengele hizo. Mfumo huo ulifundishwa kwa mifano mingi mno ya mapigo ya moyo ya kweli, na ndiyo maana unafaa. Nao haudai kujua chochote kingine.

Hapa ndipo tunapolikaribia jibu la swali letu. Katika makala yake ya mwaka 1950 Turing alisema kwamba badala ya kujaribu kuunda akili ya mtu mzima, pengine ni rahisi zaidi kuunda akili ya mtoto, kisha kuisomesha. Ushauri huo ndio uliofuatwa hatimaye. Mashine za lugha za leo, zile zilizoenea tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba mwaka 2022, hazikuandikiwa sarufi. Zilisomeshwa mabilioni ya maneno, zikajifunza kukisia neno gani hufuata neno gani. Cray na warithi wake waliwezesha masomo hayo kumalizika katika muda wa miezi badala ya karne. Lakini wahenga wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtoto huyu amelelewa zaidi kwa Kiingereza.

Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa mujibu wa UNESCO, ila maandishi yake katika mtandao wa intaneti ni machache yakilinganishwa na ya Kiingereza, na sehemu yake ni tafsiri. Katika hesabu ya mashine, tarakimu 8 hufuatana na neno nane karibu kila mahali: vitabu vinane, watu wanane, miaka minane. Ni katika saa peke yake ndipo 8 ya Kiingereza inapopaswa kugeuka kuwa mbili, kwa sababu sisi huanza kuhesabu saa za mchana pale jua linapochomoza, ambapo karibu na ikweta hapabadiliki sana mwaka mzima. Hapa Minnesota mwezi Juni jua huchomoza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mwezi Januari huchelewa hadi karibu saa mbili asubuhi. Mtu aliyekulia hapa hana sababu ya kukisia kwamba kuna watu duniani wanaoweza kuitegemeza saa yao kwenye jua. Mashine iliyosomeshwa maneno ya watu wa hapa nayo haina sababu hiyo, isipokuwa ifundishwe. Baadhi ya mifumo ya leo hukumbuka kubadili saa, mingine husahau, na mfumo mmoja huweza kupatia leo na kukosea kesho.

Aidha, haifai kusahau kwamba masomo ya mashine hizi yamepitia pia katika mikono ya Waafrika Mashariki. Mwezi Januari mwaka 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi nchini Kenya walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Hivyo vijana wetu walitumika kuisomesha mashine adabu, lakini kuisomesha lugha yao wenyewe hawakuitwa.

Hata hivyo, wako walioanza bila kuitwa. Watafiti wa Kiafrika wanaoshirikiana chini ya jina la Masakhane, neno la Kizulu lenye maana ya tujenge pamoja, wamekuwa wakikusanya na kukagua maandishi ya lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ili mashine zifunzwe kwa mifano iliyothibitishwa na wenye lugha. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla nao hukusanya sauti za watu wa kawaida wanaosoma sentensi za Kiswahili kwa hiari yao. Mtu yeyote mwenye simu na dakika kumi anaweza kuchangia, awe Lamu, Bukavu, Maskat au hapa Minnesota.

Na jaribio la Turing je? Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego walitangaza matokeo ya mazungumzo ya dakika tano tano kati ya watu na mashine. Mfumo mmoja, ulioelekezwa ujifanye mtu wa tabia fulani, ulidhaniwa kuwa ndiye binadamu mara 73 katika kila 100. Turing alitabiri 30. Kwa hiyo kwa kipimo chake, mashine imefaulu, ingawa imechelewa kwa miaka 25 hivi. Lakini mashine za kizazi hichohicho bado zinaweza kumwamsha bibi kizee usiku wa manane ameze dawa. Kumfanya mtu aamini kwamba unajua ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine.

Kwa hakika, urithi wa Seymour Cray ni mkubwa. Alithibitisha kwamba watu wachache, wakiachwa wafikiri kwa utulivu, wanaweza kuyapita makampuni makubwa, na aliipa dunia kasi ambayo bila hiyo swali la Turing lingebaki katika karatasi. Lakini kasi huifikisha mashine haraka pale tu ilipoelekezwa. Kama ilielekezwa vibaya, basi itakosea haraka pia, na itakosea kwa sauti ya kujiamini. Kuielekeza katika Kiswahili ni kazi ambayo hakuna mhandisi wa Minnesota wala wa California atakayeifanya vyema bila sisi.

Mpaka hapo, wapenzi wasikilizaji, tuwe waangalifu. Maelezo ya dawa na saa za miadi yakitafsiriwa na mashine, mwombeni mtu anayezijua lugha zote mbili ayapitie, au mpigieni simu mfamasia. Yule mama mzee sasa ana karatasi mpya ukutani jikoni, iliyoandikwa na bintiye kwa kalamu. Inasema saa mbili baada ya chai, na saa mbili baada ya chakula cha usiku. Nilipopita kumjulia hali aliniambia kwamba simu anaipenda bado, kwa sababu inamwonyesha wajukuu walioko nyumbani, ila habari za saa ameiondolea.

Wapenzi wasikilizaji, muda tuliotengewa umefikia ukingoni. Hadi tutakapokutana tena katika makala nyingine, ninakuageni kutoka Fridley nikikutakieni afya njema popote mlipo. Kwaherini.